Kidonda Nisichokwenda Kukitazama

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nisipotaka. Juzi ulikuja hapa ukaniambia umepata kazi kwenye gari linalozunguka mitaa ya watu wa hali ya chini kufunga kizazi mbwa na paka. Ulikuwa unacheka kwa furaha. Mimi sikucheka, ukadhani nimekasirika. Nilikuwa naogopa tu. Kazi hiyo niliwahi kuifanya hapa hapa Mwanza kabla hujazaliwa, na niliiharibu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilisomea mifugo, na kwetu Usukumani ukisema mifugo umesema ng'ombe. Nilitoka chuoni nikijiona nimesimama kwenye josho la kuogeshea, wazee wananingoja na makundi yao. Lakini miaka ile ya tisini mambo yaligeuka. Serikali ilijitoa kwenye mengi, majosho yakakauka, watumishi wakapunguzwa, na barua ya kupunguzwa ilinikuta hata kiti cha ofisi sijakizoea. Kila mtu akaambiwa ajitafutie. Mimi nikaangukia kwa daktari mmoja wa mifugo, Mhaya mpole aliyekwisha kustaafu. Wafadhili walimsaidia akanunua pikapu kuukuu, akafunga meza ya bati kwa nyuma, akawa anapita mitaani kuhasi madume na kufunga kizazi majike bila kumtoza mtu. Tulimwita Mzee Daktari.

Mbwa walikuwa wengi kupita kiasi. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimejaa ufukweni, minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tunabaki na vichwa na mifupa, yale mapanki. Maskini waliyakaanga wakayala na kuyauza, na mbwa walikula yaliyobaki. Wakazaana. Wengine wakashikwa na kichaa wakauma watu. Kwa hiyo kazi ya Mzee Daktari ilikuwa ya maana, na mtu yeyote mwenye akili angeliona hilo.

Mimi sikuliona. Niliona aibu. Wenzangu wa chuo walikuwa wanachanja ng'ombe huko Magu na Kwimba, mimi nashikilia miguu ya mbwa. Mjomba wangu alinitambulisha kwa wageni akisema, "Huyu ndiye msomi wetu, bwana mifugo wa mbwa." Wakacheka mpaka wakakohoa. Mitaani nako waliniita bwana mifugo, ingawa nilivaa sketi.

Basi tukafika kwenye kilima kimoja cha Ilemela. Unavijua vile vilima, nyumba zimebanana katikati ya mawe makubwa na gari halipandi. Pikapu ilisimama chini dukani, watu wakawa wanateremsha mbwa wao, huyu kwa kamba, huyu ndani ya gunia, yule ndani ya tenga.

Nyumba ya juu kabisa ilikuwa ya Mama Kulwa, mjane aliyeuza mapanki ya kukaanga. Binti zake pacha walikuwa wameolewa mbali, akabaki na mbwa jike aliyeitwa Hayawahusu. Jina hilo lilikuwa la kuwajibu majirani, maana walimsema sana tangu mumewe afariki. Mbwa ndiye aliyekuwa mlinzi wake, na kule juu wezi walikuwa hawaishi. Lakini Hayawahusu alizaa kila mwaka, na kila mwaka Mama Kulwa alivitia vitoto kwenye gunia akavipeleka ziwani.

"Nimechoka kuua, binti," aliniambia. "Kila nikitoka ziwani siku mbili nzima chakula hakipiti."

Majirani walimwonya kwamba mbwa akipasuliwa tumbo hapati kupona. Aliwaambia wanyamaze, akamtia mbwa ndani ya beseni, akalibeba kichwani na kuteremka nalo jiwe kwa jiwe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Mbwa alipoanza kuzinduka, Mzee Daktari alimwambia mama yule, "Siku ya tatu binti huyu atapanda kwako kukitazama kidonda. Siku ya kumi tutakuja kutoa nyuzi. Wewe usihangaike kushuka." Kisha akanitazama. Nikaitikia.

Siku ya tatu jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimepanda na kushuka nyumba saba, viatu vyangu vya mtumba vimeanza kuachia soli. Ilibaki nyumba moja tu, ile ya juu. Nilisimama katikati ya kilima nikaitazama, nikajiambia, kwani mbwa ni nini? Nikamwona mwanamke mmoja anaanika nguo, nikamuuliza kama yule mbwa wa juu anaendelea vizuri. Akasema jana alimsikia akibweka. Hilo likanitosha. Nikafungua daftari la kazi nikaandika: Anakula vizuri, kidonda kikavu. Nikateremka dukani nikanywa soda. Nilikuwa na amani kabisa, mwanangu, na hiyo amani ndiyo inayonitia hofu mpaka leo.

Siku ya kumi nilipanda pamoja na Mzee Daktari, mimi nimebeba mkasi na dawa. Magoti yake yalikuwa mabovu, kila baada ya mawe machache alisimama akahema. Tulimkuta Mama Kulwa ameketi kizingitini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakutukaribisha ndani wala hakutupa kigoda.

Mzee Daktari akamuuliza habari za mgonjwa. Mama yule akaonyesha kwa kidole nyuma ya nyumba, palipokuwa na udongo mpya. Akaeleza polepole, wala hakupandisha sauti. Siku ya tatu kidonda kilikuwa kimeanza kuvimba, naye akaningoja. Siku ya nne mbwa akagoma kula. Siku ya tano akamtia tena kwenye beseni akashuka naye dukani, akidhani gari litapita. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka watu wanafunga maduka. Wakamwambia siku ile gari liko Mirongo, na wenye magari hawakukubali kumbeba na mbwa anayenuka usaha. Akampandisha tena nyumbani. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, kwani alikuwa na nini kingine? Siku ya nane mbwa akafa, huku akimlamba mkono.

Mzee Daktari akaomba daftari. Nikampa. Akalifungua kwenye ukurasa wenyewe, akasoma kimya, kisha akanirudishia.

"Soma ulichoandika siku ya tatu," akasema. "Msomee mama."

Nikasoma. Maneno manne tu, mwanangu. Nilipomaliza nilitamani Mama Kulwa anitukane, hata anipige. Hakufanya hivyo. Alisema tu, "Mimi niliwaambia majirani kwamba mtakuja."

Tulipokuwa tunateremka Mzee Daktari alisimama akashika jiwe. "Kidonda kuingia usaha ni jambo la kawaida katika kazi hii," akaniambia. "Sindano mbili tatu zingemtosha. Ungeandika hukufika, ningepanda mwenyewe jioni ile." Na nilijua kwamba angepanda kweli, na magoti yake yale.

Juma lililofuata tulisimamisha pikapu pale pale dukani. Hakushuka mtu. Tuliwaona juu ya mawe, wanawake na waume, wamesimama wanatutazama. Mzee Daktari alipanga vifaa vyake mezani, akangoja mpaka mchana, akavipangua. Tukarudi tena na tena, hali ikawa ile ile, na habari ikatutangulia vilima vingine. Wafadhili walitaka kuona kazi, kazi haikuwapo. Pikapu ikauzwa. Magunia yakaendelea kwenda ziwani. Baadaye kidogo wakapita watu wenye bunduki kuwapunguza mbwa, wakapiga hata wale tuliokwisha kuwafunga kizazi.

Mama Kulwa naye walimvunjia mlango wakabeba kila kitu, hadi karai la kukaangia. Hakuwa na mbwa wa kubweka. Niliposikia anahamia kwa kaka yake Sengerema nilimkimbilia Kigongo, nikamkuta ameketi juu ya mzigo wake akisubiri pantoni ya kuvuka kwenda Busisi.

"Mama, nisamehe," nikamwambia.

Akakaza kamba ya mzigo wake. "Nimesikia," akasema. Pantoni ikatia nanga, akajitwisha mzigo akaondoka. Sikumwona tena, na sasa hata akiwa hai atakuwa mkongwe asiyenikumbuka. Nimelia mara nyingi kwa ajili ya neno lile moja, na kulia hakujanisaidia kitu.

Sikusimulii haya ili nikutie moyo, maana moyo wenyewe mimi sina. Mbwa bado wanazagaa, maskini bado wanakaa juu mawe yalipo, na gari lenu sioni kama litayamaliza hayo. Labda nalo litauzwa siku moja. Lakini maadamu umeshika kazi, shika na hili. Mtu asiye na kitu akikukabidhi mnyama wake, amekukabidhi pia heshima yake kwa majirani waliomcheka. Ukimwambia utakuja, nenda, hata kama nyumba ni ya mwisho, hata kama unaona mnyama mwenyewe si kitu. Na siku miguu itakapokukatalia, maana itakukatalia, andika kwamba hukufika. Utaona aibu, utagombezwa, pengine utafukuzwa. Vumilia. Ukiandika kweli, mwenzako atajua pa kwenda kabla mchana haujakwisha. Ukiandika uongo, umemfungia mgonjwa mlango, na hakuna mtu mwingine anayejua kwamba yumo ndani.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe magoti mazima na mkubwa wa kazi atakayekukemea mapema. Akuepushe na siku ya kusimama Kigongo ukiomba msamaha, ukajibiwa kwamba umesikiwa.