Roho Hutembea kwa Miguu

Nilipokuwa mtoto niliamini, kwa kuwa Bibi alisema, kwamba mtu akishuka ziwani na kupanda mlima siku hiyo hiyo hurudi bila roho yake. Mwili unaweza kupanda gari, alisema Bibi, mama yake baba, lakini roho haipandi. Roho hutembea kwa miguu kama ilivyotembea tangu zamani, na kutoka Lundo, kule ziwani, hadi kwetu milimani Mbinga kwa miguu hakuna anayefika bila kulala njiani. Ukiiacha nyuma, unafika nyumbani mtupu, nayo ikichoka kukufuata inageuka na kurudi ilikotoka.

Nikiwasimulia wanangu hayo wananicheka, nami nacheka nao. Wao hawakuwamo kwenye lile gari.

Lilikuwa Landrova la mwenye duka mmoja wa mjini. Baba alilikodi kwa siku moja tu na lilitakiwa lirudi kabla ya magharibi. Alitaka mama akamsalimie mama yake, ambaye tulisikia kwamba amepofuka macho na hata maji anatekewa na majirani. Mama ni Mnyasa wa Lundo. Tangu aolewe huku kwetu Umatengo hakuwahi kurudi kwao, maana kila mwaka ulikuwa na sababu yake: mimba, kahawa, mdogo wangu Deo kuugua.

Asubuhi ya safari Bibi alikuja mpaka kwenye mlango wa gari. Baba alimwamkia, naye alipokwisha kuitikia akasema kwamba kama hatulali, basi wakati wa kurudi tusimame pale juu ambapo ziwa huonekana kwa mara ya mwisho. Gari lizimwe, kila mmoja aitwe kwa jina lake kuelekea ziwani, roho zisikie zifuate. Baba akajibu, sawa, Mama, kwa sauti ile ya kumridhisha mzazi ili aondoke mlangoni. Niliitambua ile sauti, nikajua hatutasimama.

Mvua zilikuwa zinaishia na nchi yote ilikuwa ya kijani mpaka macho yanauma. Maharage yalikuwa yamechipua kuzunguka ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huchimba shamba zima ili maji ya mvua yasibebe udongo. Mawingu yalikuwa chini yetu, kwenye mabonde. Deo alitapika, tukasimama, akatapika tena. Mtu mwingine angefurahia safari kama ile. Mimi nilikaa roho mkononi, nikimtazama mama, kwa sababu kadiri tulivyoshuka ndivyo alivyozidi kusogea mbele kwenye kiti, kana kwamba gari linakwenda polepole mno. Ziwa lilipotokea akaanza kusema peke yake Kinyasa, lugha ambayo nyumbani hakuitumia. Sikuelewa hata neno moja. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba mama yangu alikuwa mtu wa mahali pengine, na anaweza kubaki huko.

Lundo tulipokewa vizuri. Tulikula mbasa, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo, na bibi wa Lundo akatupapasa nyuso mmoja mmoja ili atujue. Alipofika kwa mama hakumwachia tena. Walikaa wameshikana mikono huku baba akiangalia jua, akizunguka gari, akipiga magurudumu teke bila sababu. Alipowasha injini, yule bibi akamwuliza mama neno moja.

"Unalala?"

Mama alimtazama baba.

"Gari la watu, Mama," baba akamjibu mkwewe, na kweli alikuwa amejaa aibu. "Tutarudi."

Tukapanda. Manyunyu yalianza na barabara ikawa utelezi. Tulipofika pale juu nikamkumbusha baba alichoagizwa, akasema gari likizimwa kwenye matope yale hatutalitoa. Hakusema uongo. Basi nikageukia dirisha la nyuma na kuita mwenyewe. Niliita jina langu, Skolastika, nikaita la Deo. Kisha nikakwama. Kwetu mtoto haweki jina la mzazi wake mdomoni, na lile la mama nilikuwa nimelisikia kanisani tu. Nikaita, "Mama." Nikaita tena. Lakini huko ziwani akina mama ni wengi, na roho yake ingejuaje kwamba ninamwita yeye? Ziwa likapotea nyuma ya mlima huku nikilia, na mama hakugeuka kuniuliza kulikoni.

Baada ya hapo mambo yakawa kama Bibi alivyosema. Mama alitia mboga chumvi mara mbili, au hakutia kabisa. Hata ukimwita akiwa karibu, hakusikia. Alikonda. Mimi nilimfuata kila mahali, kisimani, shambani, hata chooni nilimsubiri nje, nikiogopa kwamba na mwili nao utaondoka. Mwisho nikashindwa, nikamweleza Bibi yote. Aliniuliza kwa nini sikumwita kwa jina lake, nikasema ni jina la mama.

Jioni ile alimwambia baba ampeleke mke wake kwao akakae mpaka atosheke. Baba akasema kahawa imeanza kuiva na mikono haitoshi.

"Nitachuma mimi," Bibi akasema.

Na alichuma kweli, kwa mgongo ule ule aliokuwa akiulalamikia kila siku. Mama alikaa Lundo mpaka mama yake alipofariki akiwa amepakatwa naye. Alirudi amevaa nguo za msiba, amechoka, lakini jina langu alipoliita nilijua amerudi mzima. Chumvi ikakaa sawa.

Nilikuwa msichana mkubwa nilipomwuliza Bibi nani alimfundisha habari ya roho kutembea kwa miguu. Tulikuwa tunapepeta maharage. Akasema hakufundishwa na mtu. Mama yake alifia Kingerikiti, kule chini upande wa ziwani, alikozaliwa Bibi, wakati wa kuchuma kahawa. Bibi alishuka usiku, akamzika, akapanda siku hiyo hiyo, kwa kuwa mama mkwe wake alisema kahawa haingoji.

"Na wewe nani alikuita?" nikamwuliza.

"Nani aniite?" akasema, akaendelea kupepeta.

Mpaka leo sina hakika kama roho hutembea kwa miguu. Ila namjua mwanamke aliyeishi na jambo hilo peke yake mpaka uzeeni, naye alipoliona linamjia mke wa mwanawe, alikataa.