Watoto wa Udongo Mweupe

Bi Mwaisha alikuwa mfinyanzi, mfupi, mwenye mdomo mkali na visigino vilivyopasuka kwa kupanda na kushuka mlima. Vyungu vyake vilifika mpaka soko la Morogoro. Watu walivinunua, wakavipikia, wakavisifu, lakini mwenye vyungu hawakumtazama machoni, kwa sababu upande ule wote wa Uluguru kila mtu alijua kwamba Bi Mwaisha anaishi na wafu. Walikosea kidogo tu. Alikuwa akiishi nasi.

Mimi ni Asia, na nilikufa nikiwa na miezi saba. Msinicheke. Niliota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na enzi zile za Mdachi mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, mkosi wa nyumba nzima. Akiachwa akue, walisema, ndugu zake watakwisha mmoja mmoja. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo baba hana neno. Mwenye neno ni mjomba. Mjomba wangu Hatibu alinitazama mdomoni mara moja tu, akatoka kwenda kumwita kikongwe wa kazi ile. Nikapelekwa ukingoni mwa msitu, nikaachwa juu ya majani.

Siku ya kupelekwa kigego, kijiji hakitwangi. Vinu hunyamaza tangu alfajiri mpaka jua lizame, na mama haruhusiwi kulia. Ukimya huo ndio Bi Mwaisha alioutegea sikio. Alikaa kule juu, mikono ndani ya udongo, akisikiliza vinu vya vijiji vya chini, na kijiji kimoja kikinyamaza alichukua tenga lake la vyungu akateremka. Mara nyingine alimkuta mtoto bado analia, akampandisha kwake amemficha ndani ya tenga. Mara nyingine alikuta nguo tu, na siku za nguo hatukuthubutu kumsemesha.

Yeye mwenyewe alizaa mtoto mmoja, kabla mumewe Kibwana hajachukuliwa kujenga reli asirudi. Meno yakaanzia juu. Akanyamaza kama alivyoagizwa, akastahimili siku mbili, ya tatu akaenda msituni, akawa amechelewa. Alitusimulia habari hiyo mara moja tu, huku akiponda udongo, na udongo ule aliuponda mpaka jioni bila kufinyanga chochote. Nilimpenda tangu siku hiyo, ingawa alikuwa mgomvi na viazi vyake vya kuchemsha havikuiva kamwe.

Tulikuwa sita. "Mkisikia mtu anapanda," alituambia, "jipakeni, simameni, msitoe sauti. Wafu hawaongei." Tulijipaka udongo mweupe aliopambia vyungu, uso mzima mpaka kope, tukajipanga mbele ya nyumba. Ukungu wa kule juu huingia asubuhi ukakaa mpaka adhuhuri, na mtu akiwa hatua chache tu humwoni miguu. Kulipoingia vita, askari mmoja wa akida alipanda kutafuta watu wa kubeba mizigo. Akatufokea, "Nyie watoto, wakubwa wenu wako wapi?" Akaanza kutuhesabu kwa kidole, hakufika wa sita, akateremka mlima kwa makalio. Kofia yake iliyoanguka Bibi alimpa kuku, naye akatagia humo.

Tulicheka sana siku ile. Lakini mchezo wenyewe ulikuwa na upande mbaya. Saa nyingine, tukiwa tumesimama vile, nilimtazama mwenzangu Pazi nisimwone akipumua, kisha na mimi nikashindwa kuisikia pumzi yangu. Nilimuuliza Bibi kama kweli tuko hai. Alinifinya sikio mpaka nikapiga ukelele.

"Basi uko hai," akasema, akarudi kwenye udongo wake.

Mama yangu nilimjua. Bibi alinionyesha kutoka juu ya jiwe: "Yule wa nyumba ya mwisho, karibu na kijito. Anaitwa Mwajuma." Kila ukungu ulipofunguka nilikwenda kumtazama, kaniki yake, na jinsi anavyoinamia upande mmoja akiteka maji. Nilimsihi Bibi anipeleke.

"Mama yako akijua, Hatibu atajua," alisema. "Na hao watu wakijua, hawatakuja kukuchukua wewe peke yako. Watawachukua wote sita."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilikuwa nangoja siku atakayopanda mwenyewe, nimwite mama mara moja tu, anione.

Akapanda. Ilikuwa mwaka wa pili wa vita, nami nina miaka kumi. Tulisikia kokoto zikiporomoka njiani, tukajipaka, tukasimama, Bibi akabaki ndani nyuma ya mlango wa matete. Mwanamke akatokea ukunguni, ana mtoto mgongoni. Nilimtambua kabla ya kuuona uso, kwa kuinama kule. Akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamooni," mama yangu akasema. Alituamkia sisi watoto, maana wafu ni wakubwa kuliko walio hai.

Akafungua mbeleko, akamshusha mtoto. "Huyu naye ameota ya juu. Kaka ameshamwita kikongwe, kesho wanampeleka. Nilimtoa mmoja hivihivi nikanyamaza, na huyu siwezi kumwacha kwenye majani. Kama dada yake yuko kwenu, naombeni mumpe yeye. Amlee huko mliko."

Hakuinua macho. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, zima. Lakini nilijua nikilitamka, ama atapiga vigelegele ama atakimbia naye, na kwa vyovyote vile kufika jua la utosi Hatibu angekuwa na habari kwamba wafu wa Bi Mwaisha wana sauti na njaa. Kesho yake mtoto huyu angekuwa msituni, na sisi pengine pamoja naye. Nasema kweli, nilimchukia yule mtoto. Nilikuwa nimemngoja mama miaka yote ile, na yeye ndiye aliyekuja akabebwa.

Nikanyoosha mikono, nikampokea.

Mama aliona mikono tu, myeupe mpaka kwenye viwiko. Alibaki amepiga magoti. Kisha akanitupia jicho kwa chini, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Yule wangu wa kwanza. Huko aliko, anasikia baridi?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Ahsante," akasema. "Nilikuwa naiwaza sana hiyo baridi."

Akajifunga mbeleko tupu kiunoni, akateremka bila kugeuka nyuma, kama inavyompasa mtu anayeagana na wafu. Nilisikiliza kokoto mpaka zikaisha. Mtoto alikuwa ameshaanza kunitafuna kidole.

Bibi akatoka nyuma ya mlango, uso umemlowa, akanyoosha mikono anipokee. Nikamwambia asimguse, nimepewa mimi.