Saa Moja Iliyogeuka Saa Saba

Fundi saa hufunga kibanda chake saa saba na robo mchana, na mteja akimletea saa iliyokufa dakika moja baadaye, atakaa na maiti yake mpaka saa tisa. Mtaa umezoea. Fundi hushusha mlango wa bati, hutia kufuli, huvuka barabara, hupita posta na duka la viatu, hupanda ngazi polepole mpaka ghorofa ya tatu. Akifungua mlango, joto linampokea. Ndani hamna mtu. Mwaka na miezi miwili sasa hamna mtu. Lakini joto lipo, na aliyeamuru liwepo ni mkewe.

Mji wao una baridi ya kuuma vidole karibu nusu ya mwaka. Miaka minne iliyopita binti yao, mwalimu wa shule ya msingi, aliwanunulia kidhibiti joto: kisanduku cheupe, kikubwa kama kipande cha sabuni, kilichofungwa ukutani sebuleni, chenye kioo na vitufe vinne. Unakipa saa ya kuwasha hita na saa ya kuizima, asubuhi na jioni, siku kwa siku, kisha unakiachia nyumba. Aliyekisoma kijitabu chake ni mama wa nyumba, mshona mapazia, aliyefanya kazi palepale dirishani. Akakipa kisanduku jina la Mkwe. Alisema hakishikwishikwi ovyo, hakijibizwi, na kikinuna nyumba nzima inalala na baridi.

Jioni ya kwanza fundi alirudi saa moja, akakuta sebule imepoa kama kisima na Bibie, ndivyo alivyomwita mkewe, amejifunika pazia la mteja. Alikuwa amemwamuru Mkwe awashe saa moja jioni. Fundi akavaa miwani, akatazama kioo: moja, na kando yake alama ya jua. Akacheka mpaka akakaa chini. Kioo kile, kama nyuso za saa zote alizopata kuzifungua, kinaandika moja pale watu wanaposema saa saba. Hita ilikuwa imewaka mchana, ikazimika saa kumi. Saa moja ya Bibie ilitaka kuandikwa saba, na alama ya mwezi.

"Mke wa fundi saa hajui saa," akasema.

"Saa zenu ndizo hazijijui," Bibie akajibu. "Mshale uko kwenye moja, ninyi mnasema saba. Mwongo nani hapo?"

Fundi alitaka kurekebisha, akakatazwa. Mkwe ameshapewa neno, hageuzwi. Anayetaka joto alifuate saa saba. Basi kesho yake, kwa mzaha tu, akafunga kibanda, akaenda. Akakuta chumba kimechangamka, sahani mbili mezani, na mke amevua sweta. Akaenda na kesho kutwa. Akaenda miaka mitatu. Jioni waliwasha hita kwa mkono, na kosa lile akawasimulia wateja mpaka wakalijua kwa moyo.

Msimu huu pembeni mwa kioo pakaanza kupepesa alama ya betri. Fundi hubadilisha betri za watu kutwa kucha, kwa koleo, hata bila kutazama. Lakini fundi wa umeme alikuwa amemwonya kwamba visanduku vya aina ile havina kumbukumbu: betri ikifa au ikitoka, kila kilichoambiwa kinafutika. Aandike kwanza saa zote za wiki, kisha abadilishe. Fundi akakaa wiki mbili bila kugusa kitu. Nguo za Bibie zilishagawiwa, cherehani ilishakwenda kwa binti, harufu ya kitambaa kipya ilishatoka chumbani. Kilichobaki kikitenda kwa amri yake ni Mkwe peke yake. Kila mchana, akiwa mezani, kinalia tik, hita inaguna upya, kana kwamba kuna mtu amepita pale akabonyeza na kwenda jikoni.

Jumamosi moja alasiri binti akaja na daftari na betri mbili. Mpango ukawa baba asome, mwana aandike.

Jumatatu asubuhi: washa sita, zima nane. Fundi akasita, akarudi nyuma, akatazama tena. Sita ya kioo ni saa kumi na mbili alfajiri, na nane yake ni saa mbili. Sawasawa kabisa. Miaka minne ameamka ndani ya joto, na yeye anayesikia saa ikichelewa nukta tano hakuwahi kujiuliza mbona asubuhi hapakuwa na kosa.

"Baba, endelea. Kinafifia."

Akaendelea. Jumatatu jioni, moja na jua. Jumanne vilevile. Alipofika Jumatano jioni, kioo kikaandika saba, na kando yake mwezi.

Jumatano ndiyo siku yake ya kufuata vipuri kwenye maduka ya jumla, upande wa pili wa mji. Mchana haji. Enzi za Bibie alikuwa akirudi saa mbili usiku na kuikuta nyumba ina joto, akidhani amemwashia kwa mkono. Tangu msiba, usiku wa Jumatano hulala kwa binti, anayeishi jirani na maduka hayo, na usiku wa Jumamosi pia, akishinda huko Jumapili nzima. Kwa hiyo hakuwa amejua.

Akasimama kidole hewani. Mtu aliyejua kuandika saba na mwezi kwa ajili ya Jumatano hakushindwa kuiandika Jumatatu. Miaka thelathini Bibie alimwomba aje ale chakula cha mchana nyumbani, naye miaka thelathini alimjibu kwamba saa za watu hazina mchana. Hakugomba. Alishona mapazia, kisha siku moja akakosea saa. Huenda jioni ile ya kwanza alikosea kweli. Lakini aliyeliacha kosa likae ni yeye, kwa kujua.

"Mama yako alijua," akasema.

Binti hakuelewa. Ikabidi aoneshwe: fundi akarudi Jumatatu, akaenda Jumanne, akaja tena Jumatano, na kioo kikiwaka kwa kila kitufe. Mwana akacheka huku anafuta macho, akasema mama ndivyo alivyokuwa, yuko tayari kushindwa neno ili ashinde nyumba. Ndipo alipokumbuka betri, akamhimiza baba. Alhamisi. Ijumaa. Jumamosi. Fundi akabonyeza mara nyingine, jina la Jumapili likatokea, naye akaondoa kidole apumue kidogo.

Kioo kikawa cheupe.

Wakatia betri mpya. Kisanduku kikaamka kama mtoto mchanga, hakijui siku wala saa. Wakakifundisha siku sita kutoka daftarini, fundi akibonyeza mwenyewe kila tarakimu. Ilipofika ya saba, binti akashauri waige ya Jumamosi, kwani tofauti yake nini.

"Hiyo siijui," fundi akasema. "Siwezi kumlisha maneno."

Jumapili iliyofuata hakwenda kwa binti. Alimwambia ana saa ya mtu inamkaba. Akaketi sebuleni na koti mwilini, akijaribu kukumbuka. Jumapili walishinda wote nyumbani, na mtu aliye ndani ya joto haulizi limeingia lini. Alikumbuka Bibie akifumua nywele dirishani. Alikumbuka nyayo zake juu ya kigoda, karibu na hita, na gazeti likipita mkono hadi mkono. Ila hakumbuki jua lilikuwa limefika wapi sakafuni.

Saa mbili akabonyeza kwa mkono, akaketi kusikiliza. Joto likaja, likajaa, wala halikumletea kitu. Akazima. Saa nne akajaribu tena, mwanga ukiwa kwenye mguu wa meza, na kwa kitambo kidogo ikawa kama nywele zinafumuliwa. Kisha ikawa si kitu, ni gari limepita nje. Saa sita na nusu binti akapiga simu kuuliza kama amekula, na ile saa ya mtu imefikia wapi.

"Bado, mwanangu," akasema. "Naitafuta."

Akakata simu. Akazima hita, akafungua dirisha chumba kipoe upesi, akavaa tena koti, akaketi kuingojea saa nane.