Bisibisi Apanda Ghorofa ya Tatu

Hospitalini walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuna siku aliyokosa bisibisi kwenye mfuko wa shati, na kwa sababu ulimi wake nao ulikuwa wa chuma. Miaka kumi na sita alikaa chumba cha seva, ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya dawa, na kutoka huko aliwadharau watu wote wa ghorofa ya tatu. Aliwaita wauza maneno. Mkuu wa idara yake mwenyewe, mzee mpole asiyejua kutofautisha swichi na kibiriti, alimsalimia kila asubuhi kwa heshima zote, kisha mzee akigeuka tu anamsonya.

"Kazi yake kunywa chai na kutia sahihi," alimwambia fundi mwenzake, mwanamke waliyemwita Mama Pacha. "Hata mbuzi ukimshikisha kalamu ataiweza."

Mama Pacha aliendelea kujaza daftari lake. Alikuwa mtu wa kuandika: leo nimebadili hiki, jana nilihamisha kile. Hilo nalo Bisibisi alilicheka. Fundi wa kweli, alisema, kazi yake iko kichwani.

Mzee alipostaafu, Bisibisi akaitwa juu akapewa kiti. Hakukitamani. Alikikubali kwa kuogopa kitapewa mjinga mwingine, na hivyo ndivyo alivyosema nyumbani. Mkewe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, alikuwa anapiga pasi.

"Mimi nina walimu ishirini na wawili chini yangu," alisema bila kuinua macho. "Kwa hiyo na mimi nauza maneno?"

"Wewe ni tofauti, mama watoto."

"Tofauti yangu ni kwamba unakula chakula changu."

Huko juu akakuta zulia na vikao, siku nne kwa wiki. Mkuu wa utumishi alipenda kusema "tulitazame hili kwa upana," na kila aliposema, Bisibisi alichora kichwa cha punda pembeni ya daftari. Mwezi wa kwanza ulipoisha alikuwa na punda thelathini na mmoja. Aliwadharau waliosema, akawadharau zaidi waliotikisa vichwa. Ripoti za Mama Pacha, zilizopanda kila Ijumaa zikiwa zimebanwa vizuri, alizitia sahihi bila kuzifungua akazirundika dirishani. Mtu anayeijua seva kama kiganja chake asomeshwe nini, na nani?

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, mfumo wa kuandikisha wagonjwa ukagoma. Foleni ikatoka mapokezi ikafika getini. Bisibisi akashuka ngazi mbili mbili, moyoni ana furaha aliyoionea aibu: hatimaye kazi yenyewe. Akamkuta Mama Pacha ameshakaa mbele ya kompyuta, anaandika taratibu.

"Nipishe."

"Nipe nusu saa, Bisi. Shida naijua ilipo."

"Nusu saa watu watakuwa wamezimia huko nje. Nipishe, nimesema."

Akampisha. Bisibisi akaivuta nakala ya akiba kutoka pale alipoiweka siku zote, akaimwaga juu ya kumbukumbu zilizokuwepo. Mama Pacha alipofungua mdomo kumzuia, Bisibisi alishabonyeza.

Mfumo ukaamka. Ila ulikuwa mfumo wa miezi minne nyuma. Wagonjwa wote walioandikishwa tangu hapo hawakuwemo.

"Nakala tulizihamishia mashine nyingine," Mama Pacha alisema. "Hizo ni za zamani. Nilikuandikia, ukurasa wa kwanza. Ukatia sahihi."

Ilimchukua Mama Pacha mpaka jioni kuzirudisha kumbukumbu. Bisibisi alisimama nyuma yake siku nzima, hana la kufanya ila kumpisha anapopita. Mapokezi waliandika majina kwa mkono, na bibi mmoja wa kliniki ya kisukari aliambiwa mara tatu kwamba hajawahi kufika pale.

Kesho yake kikaitwa kikao. Mkurugenzi, daktari wa upasuaji asiyependa mazungumzo marefu, aliuliza nini kilitokea. Mama Pacha naye alikuwa ameitwa, kaketi karibu na mlango. Bisibisi alikuja amejiandaa kusema ukweli, lakini mkuu wa utumishi akamwahi. "Bila shaka ni hitilafu ya kiufundi?"

"Ndiyo," Bisibisi akajisikia akisema. "Hitilafu ya kiufundi. Tunaifanyia kazi."

Vichwa vikatikisika. Idara ikapewa shukrani kwa kulimaliza jambo siku hiyohiyo. Ilikuwa rahisi mno. Mama Pacha akaomba ruhusa akarudi kazini. Hakumtazama Bisibisi.

Nyumbani alisimulia yote akitaraji kuonewa huruma. Mkewe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Miaka yote uliyokuwa ukiwasema wenzako, nilidhani wewe huwezi kufanya hivyo," alisema. "Kumbe ulikuwa hujapata nafasi tu."

Asubuhi alikwenda kwa Mkurugenzi akasema aliyefuta ni yeye.

"Nilijua," Mkurugenzi alisema. "Uliposema 'tunaifanyia kazi,' nikajua. Andika barua iingie kwenye faili la kikao. Nakala aipate fundi wako."

Aliandika mistari minne. Aliichana mara mbili, kwani kila mara neno "hitilafu" lilijipenyeza. Nakala akaishusha mwenyewe. Mama Pacha akaisoma akiwa amesimama, akaandika tarehe ya kupokea, akatia sahihi.

"Kuna jingine, Bwana Mkuu?"

Miaka yote aliyofanya naye kazi, hakuwahi kumwita hivyo.

"Hakuna," Bisibisi alisema.

Miezi mitano baadaye Mama Pacha alipata kazi hospitali nyingine, mkuu wa idara. Barua ya kumpendekeza aliiandika Bisibisi, kurasa mbili, za kweli tupu. Siku ya kuaga, Mama Pacha alipita maabara, mapokezi, wodi zote mpaka stoo ya dawa. Ghorofa ya tatu hakupanda.