Madebe Yaliyong'aa

Mwanangu, nivumilie kwa mwandiko uliopinda na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la nne, na mkono wangu haukuzoea kalamu.

Nakumbuka siku moja pale Ipole, miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipokuwa muuzaji wa duka la kijiji. Nilikuwa na haya mno. Mteja akinitazama usoni, nilitazama misumari ya kaunta. Asali tuliiuza kutoka kwenye vilindo vya magome ya miti, kila mtu akija na kibuyu chake. Mimi niliona huo ni ushamba. Nikaokota madebe yaliyoisha dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku, nikayasugua kwa mchanga kisimani mpaka yakang'aa. Maji machafu nikayamwaga palepale. Nikajaza asali, nikayapanga mlangoni.

Siku ya tatu aliingia mjomba wangu, mrina asali. Shikamoo yangu hakuiitikia. Alifungua kiganja, akamwaga nyuki waliokufa juu ya kaunta.

"Hawa wanakunywa kisimani," alisema. "Wewe umeosha nini pale?"

Nikaeleza kwa sauti ndogo. Akanusa debe moja, akalirudisha chini taratibu.

"Umeshamuuzia nani?"

Asubuhi ileile nilikuwa nimempimia Bi Zuhura, kwa kikohozi cha mjukuu wake. Haya ikanifunga mdomo.

"Hakuna, mjomba."

Tukaifukia asali yote mbali na maji. Alasiri nikasikia mjukuu wa Bi Zuhura anatapika, ndipo nikakimbia kusema ukweli. Walimbeba kwa baiskeli hadi zahanati. Alipona, ila kwa shida, na saa zile nilizonyamaza ndizo zilizomtesa.

Bi Zuhura aliitikia salamu zangu mpaka alipofariki, lakini hata chumvi alikwenda kununua mjini Sikonge. Mjomba naye hakuniletea asali tena.

Mwanangu, nawe sasa ni muuza duka: chombo kilichobeba sumu usikitie chakula, hata king'ae vipi. Mpokee mteja na kibuyu chake kisafi, usimcheke. Maji machafu ya duka usiyamwage wanapokunywa wengine, wakiwemo wadudu. Na ukikosea, sema saa hiyohiyo. Aibu utaiona baadaye.

Mungu akupe mikono safi na ulimi usiochelewa.

Niandikie, hata mistari miwili, uniambie huko kwenu asali mnaipimia katika nini. Nitasoma polepole, lakini nitasoma.