Mbwa wa Mwenyekiti na Mfyonza

Alikuwa amechanja ng'ombe na mbuzi kwa miaka ishirini na miwili, mpaka watu wakasahau jina lake, wakamwita Mama Sindano. Mbuzi watatu wa jirani yake mjane walipokutwa asubuhi wamekufa zizini, matundu mawili mawili shingoni, aliitwa aje kuwatazama. Alikunja mikono ya koti, akaomba wembe.

Watu wengine wa mtaa hawakuhitaji wembe. Kinyozi alishaapa kwamba ni Mfyonza, dude lenye mabawa na macho mekundu, hunyonya damu bila kumwaga tone.

"Ulimwona wapi?" Mama Sindano alimuuliza.

"Shemeji yangu ndiye aliyemwona. Si yale yale?"

Mama Sindano alichuna ngozi ya shingo. Chini yake damu ilikuwa imevilia tele. "Haikunyonywa. Imo humu humu. Haya ni meno ya mbwa."

Mbwa wakubwa waliozurura pale walikuwa wawili tu, wote wa mwenyekiti wa mtaa. Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Mama Sindano," mwenyekiti alisema kwa upole, "kusoma sana nako ni ugonjwa."

Siku hiyo hiyo akaunda kamati ya kumsaka Mfyonza, yeye mwenyewe akiiongoza. Kamati ikapata filimbi, mabuti na muhuri. Mbuzi wakaendelea kufa.

Mama Sindano hakubishana. Alibandika tangazo: Jumamosi, chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo kwa mbwa wote, bure. Mwenyekiti hakuwahi kupitwa na cha bure. Alifika wa kwanza. Mbwa mmoja alimeza dawa, akayumba, akatapika mbele ya foleni nzima: manyoya, na hereni ya njano yenye namba, ile wanayovishwa mbuzi sikioni.

Mjane aliinama. "Kumi na saba! Hii si ya jike langu lililokufa juzi?"

Mwenyekiti hakupepesa macho. "Mnauona ukatili wa Mfyonza? Anamlisha mbwa wangu ushahidi!"

Wanakamati wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Hata hivyo, kabla jua halijazama fundi alikuwa keshaitwa, na mbwa wakajengewa banda lenye kufuli, "wasije wakadhuriwa." Tangu hapo hakufa mbuzi hata mmoja. Kamati ikapongezwa hadharani kwa kumfukuza Mfyonza, na kinyozi akapewa cheti.

"Na wewe ukakaa kimya tu?" mume wa Mama Sindano alifoka.

Ilikuwa imemuuma, hakukataa. Aliendelea kuchemsha sindano zake. "Ningesema, mwenyekiti angewafungulia mbwa wake tena ili anikomeshe. Waache na cheti chao. Mjane kabakiwa na mbuzi wanne, na jana mmoja kazaa mapacha."