Mlango Nisiokwenda Kuuona

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mjukuu wangu, nimekaa kwenye kigoda uani kwa Fundi Maulidi, hapa hapa Ng'ambo ya Tabora, kikombe cha maji mkononi na vumbi la safari bado liko miguuni. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Maji yale niliyanywa taratibu sana, wala sikuwa na kiu. Nilijua nikiyamaliza nitaulizwa swali, na jibu lake sikuwa nalo.

Nimesikia unakwenda Dar es Salaam wiki ijayo kwenye maonyesho ya wachoraji. Mama yako kaniambia begi limeshafungwa, na simu yako imejaa orodha ya mahali pa kwenda: huku picha, huku ngoma, huku mashairi. Vizuri, nenda. Mtembezi hula miguu yake, na mji ule una vya kula. Lakini kaa kwanza unisikilize, na hiyo simu iweke kifudifudi. Sisemi uizime, maana najua utaugua. Iweke tu kifudifudi.

Fundi Maulidi alikuwa mchonga milango. Mimi baba yangu alikuwa mrina asali wa Sikonge, Mmoravian wa kweli kweli, na alinileta kwake nina miaka kumi na sita ili nijifunze kazi. Jumapili nilikwenda kanisani, na Ijumaa nilimshika mzee mkono nikamfikisha mlangoni pa msikiti, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha kwenda. Hakuona kitu. Mbao alizisoma kwa vidole gumba. Ukichonga ovyo hakukwambia umechonga ovyo, alipapasa, akasimama mahali, akasema, "Hapa ulikuwa na njaa." Na kweli, hapo nilikuwa na njaa! Nilimwita Babu, naye alinilea.

Babu yake yeye alikuwa mpagazi wa misafara, mtu wa kubeba mzigo begani kutoka hapa mpaka pwani na kurudi. Nyumba yao ilirithi kwake desturi moja. Aliyerudi safari hukalishwa kigodani akapewa maji, wala haulizwi chochote mpaka aweke kikombe chini. Akishakiweka, hutoa habari za njia mwanzo hadi mwisho, na hakuna wa kumkatiza. Babu alikuwa akisema kwamba aliyebaki nyumbani naye amesafiri, ila amesafiri kwa macho ya mwenzake. Kwa mtu asiyeona, mwanangu, hayo hayakuwa maneno ya kupamba mazungumzo.

Basi mwaka ule mjomba wangu wa Magomeni akaniita nikamtembelee wiki tatu. Jioni ya kuagana Babu akanikalisha. Ujanani mwake aliwahi kufanya kazi Dar es Salaam, na huko Kariakoo, nyuma ya soko, alichonga mlango wa mninga, wa mabamba mawili, kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja. Katikati ya mlango wa namna hiyo pana mti uliosimama, unaofunika mwanya wa mabamba mawili. Sisi mafundi tunauita mfaa.

"Chini kabisa ya mfaa," akaniambia, "kuna ua lenye majani manane. Jani moja ni fupi. Nilikuwa nalichonga nilipoletewa habari kuwa mama yangu amefariki hapa Tabora, na amekwisha kuzikwa. Patasi ikaniteleza. Sikumzika mama yangu, Yohana. Nilibaki nikichonga mlango ule siku arobaini, na huo ndio msiba niliomkalia."

Kisha akasema, "Nenda ukaliguse. Uje uniambie kama lipo. Basi."

Nikasema, "Nimesikia, Babu. Siku ya kwanza tu nitakwenda."

Ahadi ni deni, mwanangu, nami niliiweka bila kupepesa macho.

Nilifika mjini na chupa mbili za asali. Moja nikampa mjomba, na nyingine ilikuwa ya wenye nyumba ile ya Kariakoo, maana huendi kugusa mlango wa mtu mikono mitupu. Asubuhi ya kwanza mtoto wa mjomba akanipeleka Mwenge kwa wachonga vinyago. Ah! Nilikuwa najiona fundi, kumbe sijaona kitu. Wamakonde wamekaa chini, mti mweusi kati ya miguu, wanatoa watu ishirini kwenye gogo moja, wameshikana kuanzia nyayo mpaka utosi. Nilikaa pale mpaka jioni. Siku ya pili tukaenda Msasani kwa wachoraji wa barabarani, waliokuwa wakichora chui na kanga kwa rangi za kupaka baiskeli. Siku ya tatu tukatazama vijana wa sarakasi wakifanya mazoezi, na Jumamosi mchana kulikuwa na dansi la vijana, wenyewe wakiliita bugi. Usinicheke. Nilikuwa nacheza vizuri.

Kila asubuhi niliiangalia ile chupa ya asali pale dirishani nikasema, kesho. Kariakoo haikuwa mbali. Kutoka Magomeni unaweza kwenda hata kwa miguu. Kesho, kesho, wiki tatu zikaisha. Siku ya mwisho ile asali tuliilia chai.

Sasa rudi nami kwenye kigoda. Nimeweka kikombe chini. Babu kaketi mbele yangu, kichwa kakiinamisha upande kidogo, na binti yake, Bi Tatu, kaacha kupepeta mchele ili asikie. Nikatoa habari za njia. Nikasimulia vinyago, chui, sarakasi. Hakunikatiza. Nilipofika mwisho, akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile ua?"

Nikasema, "Lipo, Babu. Nimeligusa."

"Jani fupi?"

"Jani fupi lipo, upande wa kulia."

Uongo ukishaanza hutaka kuvalishwa nguo. Nikaongeza kuwa wenye nyumba wanaupaka mlango mafuta kila Idi, na watoto wao wanacheza kizingitini. Babu akaanza kulia. Hakuficha uso, machozi yalimshuka tu, huku anacheka, akasema, "Tatu, umesikia? Wanaupaka mafuta!" Mimi nikajiambia, si vibaya, nimemfurahisha mzee. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwisha mwaka uliofuata, masika yalipopita, Babu aliponiambia, "Yohana, nguvu zinaniishia. Nipeleke. Nataka nilishike lile jani kwa mkono wangu, nimsomee mama yangu dua pale pale, kisha nirudi nife kwetu."

Nilitafuta kila sababu. Nikasema treni inachosha, nikasema mji una wezi, nikasema asubiri kiangazi. Akaniambia, "Wewe ulifika, utanifikisha." Ningeweza kusema kweli siku ile. Mdomo ulikuwa wangu, na mlango wa kutubu ulikuwa wazi. Nikafunga mizigo.

Safari ya treni kwa mtu wa umri wake si mchezo. Alikaa wima akiuliza majina ya vituo, na kila kituo alitaja jina la kambi ambayo wapagazi walilala, kama alivyofundishwa na babu yake. Mimi kutoka Tabora mpaka Morogoro nilikuwa naomba tuukute mlango. Nilisema, Mungu, mlango ukiwapo tu, Babu hatajua kamwe.

Mtaa aliukumbuka kwa hesabu ya njia panda. Tulipofika palikuwa na ukuta mpya wa saruji, na nyuma yake ghorofa linajengwa. Barazani kwa jirani kulikuwa na fundi cherehani. Babu akamsalimu, akauliza nyumba yenye mlango wa nakshi.

"Ilibomolewa mwaka jana, mzee wangu," yule fundi akasema. "Mlango waliuegemeza hapa hapa kwangu. Nilisema pengine atatokea mtu wa kuutaka. Ulikaa kiangazi chote. Mvua za vuli zilipoanza wakaupasua, ukawa kuni."

Babu akauliza, "Mwezi wa nane ulikuwepo?"

"Ulikuwepo, mzee wangu. Mtu yeyote angeuchukua bure."

Mwezi wa nane ndio mwezi niliokuwa Magomeni nikicheza bugi.

Babu hakugeuka upande wangu. Alinyoosha mkono, akapapasa ule ukuta wa saruji kwa vidole gumba, chini, karibu na ardhi, mahali ambapo ua lingekuwa. Akamsomea mama yake dua pale, mbele ya ukuta wa watu. Alipomaliza akasema, "Mninga unawaka vizuri. Hauna moshi." Akamshukuru fundi cherehani, akanipa mkono nimwongoze.

Njia nzima ya kurudi hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Kituo cha Saranda nilimnunulia kuku, akala, akasema ahsante. Tulipofika Tura, Tabora haiko mbali tena, ndipo akaniita.

"Yohana."

"Naam, Babu."

"Ungeniambia hukwenda, ningekukasirikia siku moja. Siku ya pili ningemtuma mwingine."

Hayo tu. Nimeishi nayo mpaka leo nina mvi.

Nyumbani Bi Tatu akaweka vigoda viwili, akatupa maji. Babu akaweka kikombe chini, akatoa habari yeye: treni, kuku wa Saranda, ukarimu wa mjomba wangu, upole wa yule fundi cherehani. Kuhusu mlango alisema, "Haupo, nyumba ilibomolewa." Hakusema lini. Alinisitiri mbele ya binti yake, na hakuna kipigo kilichowahi kuniuma kama sitara ile.

Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena habari za safari. Nilikwenda Ziba kupeleka madirisha, nilikwenda Sikonge kumzika baba yangu. Nikirudi nilikalishwa, nilipewa maji, nikaweka kikombe chini nikasubiri. Yeye alisema, "Pole na safari," akarudi kupapasa mbao zake. Alikuwa mpole kwangu vile vile, akanifundisha kazi yote mpaka mwisho. Ila macho yangu hakuyatumia tena. Alifariki kabla mwaka haujazunguka, nami nilibeba jeneza nikilia mpaka watu wakanishangaa. Walidhani nalilia uzee wake. Nililia kwa sababu nilimuua mara moja akiwa hai, na hakuna aliyejua ila sisi wawili.

Basi hayo ndiyo unayochukua kwangu, uyaweke juu ya nguo ndani ya begi. Ukifika mjini, kwanza kwa mwenyeji, na mkono usiwe mtupu. Asali ya kwetu bado ina heshima kule. Ukitumwa mahali, fika hapo kabla ya starehe yako, hata kama ni kuona ukuta. Sanaa ile haitakimbia. Kwa wachongaji na wachoraji nenda asubuhi, wakiwa kazini. Jioni utakuta wauzaji tu. Salimia, kaa, tazama mikono yao, ndipo uulize bei. Simu usimwelekezee mtu usoni kabla hujamwomba ruhusa. Ngoma ikichezwa usiondoke katikati, na anayekuimbia vizuri mtuze. Usijifanye mtoto wa mjini kwa lugha yao ya vijiweni, watakujua kwa viatu. Njia ikikupotea muulize fundi cherehani wa barazani, hao wanajua kila nyumba iliyokuwapo na isiyokuwapo. Kariakoo begi livae kifuani.

Na hili ndilo kubwa. Usiniletee habari ya kitu usichokiona. Ukipitiwa, ukacheza, ukasahau, njoo useme, "Babu, sikwenda." Nitakukasirikia siku moja.

Nina jambo moja la kukutuma. Pita mtaa ule nyuma ya soko, nitakuandikia njia panda zake kwenye karatasi. Najua hapana mlango. Mimi mwenyewe sijaweza kurudi pale tangu siku ile, miguu imekataa. Simama kidogo, utazame kilichopo leo, hata kama ni duka la mabati au vyombo vya plastiki, umsomee Fundi Maulidi na mama yake dua kwa dini yoyote uliyo nayo.

Mungu akutangulie kwenye njia ile ya reli waliyoipita wazee kwa miguu. Akupe wenyeji wema, akuepushe na shari ya mji, akurudishe mzima, macho yako yakiwa yamejaa. Kigoda kipo na maji yapo mtungini. Ukishaweka kikombe chini, mwanangu, nitakuuliza.